Siku Kompyuta ya Mkuu Ilipomwambia Achukue Namba

Kitendawili!

Najua umejibu "tega", hata kama umejibu kimoyomoyo huku umelala na simu usoni.

Haya. Nyumba yangu ina dirisha, haina mlango. Ukigonga, inakujibu neno lilelile. Na mwenye ufunguo hakai ndani, anakaa ghorofani.

Umeshindwa? Nipe mji.

Nimeupokea, nimekaa, nimekula, nimeshiba. Sasa nakupa jibu: ni mashine ya namba. Ile kompyuta iliyosimama ukumbini hospitali, unaigusa, inakutemea kikaratasi cha foleni.

Siku moja kompyuta ya Mkuu wa hospitali yetu iligeuka mashine hiyo, ikamwambia, mbele ya wageni wenye suti, achukue namba kama mgonjwa. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika birika.

Tuanze mwanzo.

Miaka ishirini na mbili nilikaa mlangoni pa ukumbi nikigawa vibao vya namba. Darasa la saba langu lilinitosha. Aliyewahi anapata kibao cha kwanza. Lakini mtoto akitetemeka homa, au mjamzito akishika kiuno, nampitisha mbele mwenyewe. Wa kunung'unika anung'unike, namtolea macho.

Kisha zikaja mashine sita.

Na aliyezileta ni nani? Mkwe wangu. Mke wa kitinda mimba wangu, fundi wa kompyuta wa hospitali.

Mimi na yeye hatupikiki chungu kimoja. Kosa langu nalisema mapema msije mkaniona malaika. Siku moja alikuja na mumewe kwangu, anakula chakula changu, akasema, "Mama, ile kazi yako mashine itaifanya kwa sekunde mbili."

Nikamwambia, "Na wajukuu nao itanizalia hiyohiyo?"

Mwanangu akaweka kijiko chini. Walikuwa na miaka minne ya ndoa, hawajajaliwa. Nilijua pa kuchoma, nikachoma.

Toka siku hiyo ikawa shikamoo, marahaba, kila mtu na njia yake.

Kiti changu kikaondolewa. Nikapelekwa jikoni kupika chai ya maofisa. Hospitali nzima ikajua kwamba bibi wa vibao na mkwewe ni paka na panya.

Sasa, mpika chai haonekani, wanangu. Watu husema siri zao mbele yake kama wanavyosema mbele ya kabati.

Jumanne, saa kumi jioni, nikaingia na birika ofisini kwa Mkuu. Nikamkuta mkwe wangu kasimama. Mkuu kakaa, kakunja uso kama aliyelamba ndimu.

"Kesho saa tatu wageni wanaingia kuziona mashine zetu," Mkuu anasema. "Nimepita ukumbini sasa hivi, mashine moja inaonyesha mieleka! Mieleka, hospitalini!"

Kweli, vijana walishajua kutoka kwenye ukurasa wa namba. Wanaingia kwenye miziki, wanaingia kwenye mpira, wagonjwa wanasubiri.

"Zinatakiwa kufungwa, Mkuu," mkwe wangu akasema. "Zibaki na ukurasa mmoja, mtu asiweze kutoka. Amri naituma kutoka kwenye kompyuta yangu juu, zikiwashwa asubuhi zote zinatii. Ila kuna tatizo. Bwana wa stoo alipozisajili kompyuta zetu, alizitia zote kundi moja. Za ukumbini, za madaktari, za dirisha la dawa, hata yako. Nikituma kwa kundi, zote zitakuwa mashine za namba."

"Si uzitenganishe?"

"Orodha ina namba za kiwandani tu, haisemi ipi iko wapi. Kwa zile za ukumbini, namba iko mgongoni, na fundi chuma kaifungia migongo kwenye makabati. Funguo anarudi nazo Alhamisi. Nipe mpaka Alhamisi. Na hata hapo nitajaribu na mashine moja kwanza, nione, ndipo niguse nyingine. Ndio mwendo wa kazi yetu."

Mkuu akacheka kwa pua. "Niwaambie wageni waende wakalale, warudi Alhamisi, sababu fundi wangu anaogopa?"

"Siogopi, Mkuu. Nakuonya."

"Unionye mimi? Tuma kwa kundi. Leo. Itakayokorofisha utaifungua kesho. Lawama nabeba mimi. Au nitafute fundi mwenye mikono?"

Mimi namimina chai. Sukari vijiko vitatu. Hakuna aliyenitazama.

Mkwe wangu akatoka, akapanda juu kwenye kompyuta yake. Na moyoni mwangu, Mungu anisamehe, nikasema: leo umepata mwenzio.

Jumatano asubuhi hospitali ikawaka, ikafungika.

Daktari anawasha kompyuta amsomee mgonjwa majibu, inamwambia: KARIBU MGONJWA. GUSA HAPA UPATE NAMBA.

Dirisha la dawa, hivyo hivyo. Maabara, hivyo hivyo.

Na kwenye ukumbi wa mikutano, Mkuu kasimama mbele ya wageni, kachomeka laptopu yake kwenye projekta, anasema, "Sasa mtaona tulikofika." Ukuta mzima ukawaka maandishi ya buluu. KARIBU MGONJWA.

Mgeni mmoja mwenye kitambi akasema, "Basi gusa, Mkuu, usije ukachelewa foleni."

Wakacheka. Mimi nilibana meno nisimwage chai.

Lakini huko chini hapakuwa na kicheko. Mkwe wangu alikimbilia kompyuta yake azifungue zote. Nayo? KARIBU MGONJWA. Alisahau kuwa hata yake imo kwenye kundi lile. Hilo lilikuwa kosa lake, na alilikiri mbele ya watu. Ikabidi atoke nje ya geti mbio, akaazime kompyuta kwenye duka la mtandao. Mpaka anazifungua ni saa sita mchana. Kabla ya hapo mzee mmoja alishaanguka foleni akisubiri dawa yake. Walimbeba. Aliamka, shukrani kwa Mola, lakini ndugu zake walipiga kelele mpaka bodi ikasikia.

Bodi ikataka kichwa cha mtu.

Ijumaa Mkuu na fundi wakaitwa, mimi nikaingia na chai. Mwenyekiti wa bodi ni mama mmoja wa miwani, hacheki hata akitekenywa. Mkwe wangu akasema alipewa amri, tena baada ya kuonya. Mkuu akasema, "Uongo mtupu. Nilimwambia afunge sita za ukumbini. Huyu binti hajui kazi, anatafuta pa kujificha."

Mwenyekiti akauliza kama kulikuwa na mtu mwingine ofisini.

"Mama wa chai," mkwe wangu akasema. Hakusema mama mkwe.

Wakaniita. "Mama, Jumanne jioni ulikuwa mle ndani. Mkuu alisema nini?"

Nikamtazama mkwe wangu. Nikakiona kiti changu kinavyobebwa kupelekwa stoo, miguu juu.

"Mimi nilikuwa namimina chai," nikajibu.

"Sijauliza chai, mama. Nimeuliza alisema nini."

"Masikio ya uzee haya, mwanangu. Yanachagua ya kusikia."

Watu wakacheka kidogo. Mkwe wangu hakucheka. Mwenyekiti akafunga jalada, akasema uamuzi ni Jumatatu: bila shahidi, fundi anafukuzwa, na barua itakayomfuata itahakikisha hapati kazi hiyo popote.

Jumamosi mchana mkwe wangu akaja nyumbani, peke yake. Nilikuwa nasugua sufuria uani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Sijaja kulia, na sikai. Ulisikia au hukusikia?"

"Wewe ulinionea huruma ulipoondoa kiti changu?"

"Sikukuonea. Ningekiondoa hata leo. Watu mia tatu kwa siku hawawezi kusubiri vibao."

"Una mdomo wewe!"

"Na wewe una masikio mazima, tunajuana." Sauti yake ilikuwa imetulia, na hilo ndilo lililoniudhi. "Yale ya wajukuu uliyonisemea, sijayasahau na sitayasahau. Sikupendi, mama, nisikudanganye. Lakini mtu akikusingizia mimi nikiwepo, nitasema nilichosikia. Sitakupenda, ila nitasema."

Akaondoka, akaliacha geti wazi.

Nilisugua sufuria lile mpaka mkono ukafa ganzi. Nilimtukana kwa kila jina ninalolijua, na mengine nikayatunga. Mwanangu akapiga simu, sikupokea. Angeniuliza nini ambacho mkewe hajaniuliza?

Jumatatu asubuhi, naweka maji jikoni, mlango ukafunguliwa. Mkuu. Miaka yote hajawahi kukanyaga jiko lile.

"Mama yangu mzazi," akasema, kwa sauti ya asali. "Wale wagonjwa wako wanakukumbuka sana. Nimeshaagiza kiti chako kirudi mlangoni. Na cheo juu: msimamizi wa foleni. Wewe endelea tu na masikio yako ya uzee."

Akanipigapiga bega, akatoka.

Nikabaki na kijiko mkononi. Kiti! Nilikiota kiti kile. Nikajiona nimekaa, nimeweka vibao vyangu pajani, watu wananiamkia.

Saa nne tukaingia kikaoni. Nikajua leo hawaniiti, nilishasema sijasikia, yamekwisha. Nikaweka vikombe, nikageuka kutoka na birika mkononi.

"Hapana, mama, usitoke!" Ni Mkuu mwenyewe. Akaigeukia bodi anatabasamu. "Naomba huyu aulizwe tena, iandikwe kabisa. Ni mama mkwe wa huyu binti. Familia moja! Kama kungekuwa na amri, si angekuwa wa kwanza kumtetea mke wa mwanawe?"

Nikamgeukia.

Alijua. Alijua tunachukiana, kila mfagiaji pale alijua. Alikuwa ameihesabu chuki yangu kama mtu anavyohesabu vifaa vya ofisi. Nilidhani naitumia mimi, kumbe siku zote imo kwenye mfuko wake.

Wanangu mnaosoma, niwaambie neno moja, mimi ambaye shule yangu iliishia la saba. Kumchukia mtu unaweza, moyo ni wako. Mimi yule simpendi hadi leo, na yeye hanipendi, tukikutana mlangoni kila mtu anamngoja mwenzake apite kwanza, si kwa adabu, ni kwa kiburi. Lakini chuki ni punda. Usipoishika kamba mwenyewe, atapanda mtu mwingine, aende naye kwake, na wewe utabaki unachuma majani ya kumlisha.

Mwenyekiti akavua miwani. "Mama, kwa mara ya mwisho. Jumanne jioni, Mkuu alisema nini?"

Mkuu akaninyanyulia nyusi, kama mtu anayemkumbusha mtoto salamu. Mkwe wangu alikuwa anatazama mikono yake.

Nikaweka birika mezani, taratibu.

"Alisema lawama atabeba yeye," nikasema. "Basi mtwikeni."