Tatu kwa Mia

Mume wangu, marehemu Magesa Keraryo, alisoma mpaka darasa la nne na akapima pamba ya watu kwa miaka kumi na tisa. Naandika habari zake kwa sababu mwaka jana, kwenye harusi moja hapa mtaani kwetu Iringo, nilimsikia kijana akisema kwamba mzee Magesa "aliwahi kuiba magunia mia tatu." Simlaumu kijana, aliambiwa. Jambo lenyewe lilianzia mdomoni mwangu.

Ilikuwa 1986. Tuliishi kijijini nje ya Bunda, mimi mwalimu wa shule ya msingi, yeye mpimaji wa pamba wa chama cha msingi cha ushirika. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kila asubuhi, kabla ya kupokea gunia la kwanza, aliweka jiwe la kilo kumi kwenye mizani ili watu waone sindano inasimama penye kumi. Mimi mkewe nilipoleta pamba yetu, nilipanga foleni kama wengine.

Mwaka ule dizeli ilikuwa ya kutafutwa, na malori mengi yalikaa juu ya mawe kwa kukosa matairi. Pamba iliyonunuliwa na chama Julai, magunia mia nane, kilo elfu arobaini, ililala ghalani wiki sita ndipo lori likaja. Mwisho wa Agosti ikafika barua kutoka kiwanda cha kuchambulia pamba, imeandikwa kwa Kiingereza. Katibu akaniomba niwasomee wanachama. Nikasimama, nikatengeneza kitenge changu, nikafasiri kwa Kiswahili cha chuo: "Uzito umepungua kwa asilimia tatu."

Ningesema "tatu kwa mia," kama wazee walivyozoea, mambo yangeishia pale. Lakini neno "asilimia" lilikuwa geni kwa wengi. Waliokaa nyuma walisikia "mia tatu." Waliokaa mbele walibishana hiyo "asili" ni nini, wakapatana kwamba maana yake ni tangu mwanzo: tangu mwanzo, magunia mia tatu hayakupakiwa. Kufikia Jumapili habari ilikuwa Butiama, kwa ndugu zangu.

Makongoro, rika la mume wangu, alinikuta kisimani.

"Shemeji, hizo mia tatu mmeziweka wapi? Chini ya kitanda?"

"Makongoro, si magunia. Ni kilo elfu moja na mia mbili, kati ya elfu arobaini."

"Ahaa! Juzi mia tatu, leo elfu! Kesho itakuwa ngapi, mwalimu?"

Akina mama walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Nilirudi nyumbani bila maji.

Mkutano ukaitishwa ufanyike Oktoba, na jambo lilikuwa moja tu: Magesa aondolewe kwenye mizani. Nilijua maana yake. Akiondoka kwa kura ile, watoto wetu wangeitwa watoto wa mwizi mpaka wazeeke. Nikaandika hesabu kwa hati nzuri: elfu arobaini ni mia, mara mia nne, kila mia imepoteza tatu, mia nne mara tatu ni elfu moja na mia mbili. Magesa aliisoma polepole, kisha akaikunja.

"Mwalimu," ndivyo alivyoniita, "karatasi yako ni safi. Lakini hawa hawaulizi hesabu. Wanauliza pamba imeenda wapi."

Asubuhi alikwenda kwa Makongoro. "Lete pamba yako, vile unavyoletaga siku zote."

Makongoro akaileta alfajiri, mbichi na umande wake. Magesa aliipima mbele ya watu, akipunguza na kuongeza, mpaka magunia mawili yakawa kilo hamsini kila moja. Mia kamili. Yakafungiwa kwenye stoo ya shule kwa kufuli la Makongoro mwenyewe, na ufunguo akauvaa shingoni kama rozari. Wiki tano hakuna aliyeingia.

Siku ya mkutano, mwenyekiti wetu Clementi alitaka Makongoro mwenyewe afungue, abebe na apime. Jiwe la kilo kumi likatangulia: kumi. Gunia la kwanza: arobaini na nane. La pili: arobaini na nane.

"Tisini na sita," Clementi akasema. "Nne hazipo."

Makongoro aliutazama ufunguo, akaitazama mizani. "Basi nimeiba mwenyewe," akasema, "na ufunguo ninao!"

Watu waliangua kicheko. Magesa hakucheka. Akasema, "Umande wako ulipanda mizani, ndugu yangu. Jua likauchukua. Hapa zimekwenda nne katika kila mia. Za kwenye lori zilikwenda tatu."

Clementi akanigeukia. "Mwalimu, ile barua ilisemaje?"

Nilisimama tena, bila kugusa kitenge. "Tatu kwa mia."

"Sasa si ungesemaga hivyo!" Makongoro akapiga kelele. "Umetupeleka asili, asili, mpaka tumemuonea mtu!"

Hapakupigwa kura. Magesa alibaki kwenye mizani ile mpaka miaka ya tisini, wanunuzi binafsi walipokuja na mizani zao. Hata hapo wakulima walimwita asimame kando na jiwe lake la kilo kumi, na Makongoro ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita.

Yule kijana wa harusini akiyasoma haya, ajue kuwa zilikuwa kilo tatu kwa mia, si magunia mia tatu, na zilikwenda na jua.