Nigonge Tena

Harufu ya solusheni ya kuziba pancha hunirudisha kwenye kile kiwanja cha simiti cha mtaa wetu, karibu na soko la Gikomba. Nilikuwa mgeni katika timu ya basketiboli ya viti vya magurudumu, na kila nilipomgonga mtu nilisema, "Pole, anti." Mtaani nilizoea kusikia, "Mpisheni huyo mtoto."

Nahodha wetu, mama muuza mitumba, akasimamisha mchezo.

"Wewe, hapa hatuambiani pole. Rudi unigonge tena, na uje na nguvu."

Nikaja. Vyuma vikalia, kiti changu kikapinduka, kiwiko kikachubuka, nami nikacheka hadi machozi.

Leo fundi ananizibia tairi ya kiti changu kando ya barabara. "Mpisheni," anawaambia wapita njia. Wananipisha wote, kwa adabu, hakuna hata mmoja anayenigusa.