Robota Lisilo na Alama

Ipo asubuhi moja ya ujana wangu ambayo sijaisahau, mwanangu. Nakusimulia leo kwa sababu jana nilikusikia ukisema, "Watu wanasema."

Nilikuwa mfunga mizigo hapa Bagamoyo. Kila robota la nguo la kwenda bara tulilitia alama ya mwenyewe kwa wino kabla mpagazi hajalibeba. Kazi hiyo niliijua vizuri. Ulimi wangu ndio sikuujua, maana nilipenda kuwa wa kwanza kutoa habari.

Siku hizo Kombo, mpiga ngoma, alikuwa ametolewa gerezani kwa sharti. Alikuwa amemvunja mtu mkono katika ugomvi kwenye kambi ya wapagazi. Liwali, aliyehukumu mambo ya mji, alimwachia kwa dhamana ya mjomba wake, Mzee Mwinyimvua: asikanyage kambini miezi sita. Akikanyaga, anarudi kwenye mnyororo. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane.

Basi mwenzangu Juma akaniambia kwamba Kombo ameingia kambini. Hata adhuhuri haijafika, nilikwishawaambia watu watano. Habari ikamfikia liwali, na kesho yake nikaitwa barazani kwake.

"Kombo alikuwa kambini," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyeona.

"Ulimwona?" liwali akauliza.

"Sikumwona, bwana. Lakini lisemwalo lipo."

"Lipo wapi? Nani amelishika?"

Watu wakacheka. Akaitwa Juma, akasema aliambiwa na mpagazi mmoja, naye ameshaondoka na msafara.

"Huyo mpagazi alimwona?"

Juma akajikuna kichwa. "Alisema ngoma ya Kombo ililia kambini juzi alasiri, bwana. Mlio wake sote tunaujua."

Mzee Mwinyimvua akainuka. "Ngoma ilikwenda, bwana, mwenyewe hakwenda. Niliwaazima wapagazi mimi. Yeye alasiri ile alikuwa juu ya paa langu anaezeka makuti. Jirani zangu hao hapo, waulize."

Jirani wawili wakasema walimwona kwa macho yao. Nami nikainama, kwani kwetu ngoma huazimwa kama kinu. Nililijua hilo tangu utotoni, nisijisumbue kuuliza.

Liwali hakunifokea. "Habari ya kuambiwa siikatai," akasema. "Nikiikataa yote, nusu ya mambo ya mji huu sitayajua. Lakini wewe, kazini kwako, robota lisilo na alama unalipokea?"

"Silipokei, bwana."

"Mbona mimi umeniletea?"

Kombo akarudi nyumbani. Mkewe akajifungua salama, na sharti likaisha. Siku aliyorudi kupiga, alipita kibandani kwetu na ngoma begani. "Bwana wee," akaniambia, "leo njoo unione mwenyewe. Usije ukaambiwa." Nikaenda, na tukawa marafiki mpaka uzeeni.

Mwanangu, habari ya kuambiwa usiitupe, wala usiibebe kama ilivyo. Uliza imetoka kwa nani, kama aliona au alisikia, na kama yupo aulizwe. Uliza zaidi inapomhusu mtu aliyekosa akapewa nafasi ya pili, maana kwake hata neno jepesi huwa zito. Mimi nilichelewa kujifunza. Wewe una muda. Mola akupe ulimi unaosubiri macho. Na siku utakaposimama wewe barazani, asikukoseshe mtu wa kuuliza, "Nani aliona?"