Risasi ya Orvis Iliyokaa Miaka Kumi na Tisa Ndani ya Gobori

Ni saa moja asubuhi na Denver Slone ameshanoa minyororo mitatu. Amekaa kwenye kiti alichoking'oa kwenye gari bovu, msumeno wa injini umebanwa kwenye jiliwa, tupa iko mkononi. Anasukuma mara mbili kila jino, anahamia jino linalofuata. Akifika jino la kumi anatua, anavuta hewa kwa mrija wa plastiki uliopita chini ya pua, kisha anaendelea.

Mlangoni amesimama mkata magogo anayeitwa Hobart, na hana subira.

"Mzee Denver, ule mti niliouacha utakuwa umeshaota matawi mengine."

"Kautafune kwa meno," Denver anamjibu bila kuinua kichwa. "Umebakiwa nayo mangapi?"

Mnyororo mmoja ni dola sita. Siku nzuri ananoa minane. Siku ambayo kifua kimekaza, miwili, kisha Lovella, mkewe, anakuja kufunga kibanda. Hapa bonde la Sugarlick, katika milima ya Kentucky mashariki, wanaume wa rika lake wengi wanaishi hivi, na kikohozi chao unakitambua kabla hujawaona. Denver ana miaka sitini na mitatu. Thelathini na mmoja aliimaliza chini ya ardhi akichimba makaa ya mawe, na vumbi lake bado analo.

"Mwezi wa pili daktari aliniambia mapafu yamebaki robo," anasema. "Akaniuliza kama kuna jambo ningependa kulifanya. Alidhani nitasema bahari. Nikamwambia nataka bunduki yangu."

Bunduki yenyewe sasa iko ukutani nyuma yake, juu ya misumari miwili. Ni gobori refu, jembamba, la kupakiwa kwa mdomoni, na risasi yake haizidi punje ya mbaazi. Ni bunduki ya kindi. Halengwi kulungu wala dubu kwa chombo kama hicho. Anayeibeba anapanda mlimani kwa kindi mmoja au wawili wa kuchemshia supu nzito ya unga, na anarudi na heshima yake. Babu yao ndiye aliyeinunua. Denver aliirithi pamoja na mdogo wake, Orvis, na wote wawili waliitumia hiyo hiyo moja.

Walikuwa na utaratibu. Zamu ya mgodini iliisha saa tisa alasiri, na ili wasipoteze mwanga, gobori lilipakiwa asubuhi jikoni kwa mama yao, kabla ya kwenda kazini, kisha likaning'inizwa juu ya mlango bila fataki, kile kifuniko kidogo cha kuwashia baruti. Jioni walilichukua na kupanda moja kwa moja hadi kwenye mihikori ya juu, miti ambayo kindi hufuata njugu zake. Aliyelipakia asubuhi ndiye aliyepiga wa kwanza. Na kama hakuna kindi aliyejitokeza, risasi ilimalizwa kwenye kisiki nyuma ya nyumba, maana mama yao hakutaka bunduki ilale na kitu tumboni.

Asubuhi ya mwisho ilikuwa zamu ya Orvis kupakia.

Denver haisimulii asubuhi hiyo kwa urahisi. Anaizunguka, anazungumzia bei ya tupa, anamlaumu paka. Ila anaifikia. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu. Wiki nzima paa la mgodi lilikuwa likilia, yaani mwamba ulikuwa ukitoa milio ya kupasuka, na Orvis alisema hataingia. Denver alimwambia aingie. Saa tano asubuhi paa lilishuka, likamkuta Orvis peke yake. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

"Mama aliniuliza alikwendaje. Nikamwambia alikwenda anacheka, anasubiri jioni akapige kindi," Denver anasema. "Mama alikufa akiamini hivyo. Nimelirudia neno hilo mpaka na mimi nikaanza kuliamini."

Wiki ile ile ya mazishi aliliondoa gobori juu ya mlango na kumuuzia daktari wa meno wa mjini. Hakulikagua. Hakuingiza mdeki, ule ufito wa kushindilia risasi, kuona kama kuna kitu ndani. Hakutaka hata kuangalia upande lilipokuwa.

Tangu mwezi wa pili Lovella amemwendesha kwenye kila gulio na kila duka la rehani katika wilaya nne. Daktari wa meno alishafariki na warithi wake walishauza vyombo vya nyumba. Waliona mabomba ya bunduki, kutu, na magobori mapya ya kiwandani yaliyopakwa rangi yaonekane ya kale. "Nilimwambia tununue lolote," Lovella anasema. "Akaniambia, 'Ungekufa wewe ningeoa lolote?' Nikatia petroli."

Walilipata Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano, kwenye gulio la barabarani, limelazwa katikati ya masufuria. Denver alilijua kwa kiraka cha bati la kopo la tumbaku pale kwenye shingo ya kitako, ambapo Orvis alilitengeneza baada ya kuanguka nalo mwambani. Mwenye meza, jamaa mnene aitwaye Wendell, alitaka dola mia nne.

Denver aliuchomoa mdeki na kuuangusha ndani ya mtutu. Gobori tupu hulia kama kengele. Hili lilitoa mlio mzito, na alama ya mkwaruzo kwenye mdeki, iliyopaswa kukaa usawa wa mdomo, ikabaki nje kwa upana wa kidole.

"Limepakiwa hili," Denver alisema.

"Usinitanie, mzee. Tangu asubuhi nimewaelekezea watu ishirini," Wendell alisema, akaanza kuhesabu waliopita. Alipomaliza kuhesabu alipunguza dola mia bila kuombwa.

Daktari wa meno hakuwa mpigaji. Alilitundika juu ya jiko la kuni na likakaa huko hadi kifo chake. Risasi iliyokuwa ndani, basi, ilikuwa ya Orvis. Njia nzima Denver alilipakata gobori. Kwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa, Lovella anasema, mumewe aliimba ndani ya gari, nusu ubeti, hewa ikamwishia.

"Nilijua nimepata ushahidi," Denver anasema. "Mtu anayeogopa kufa hapakii bunduki ya jioni. Alipakia. Maana yake alitegemea kurudi, na moyo wake ulikuwa umetulia. Kumbe sikumdanganya mama."

Kesho yake baada ya kanisa walikwenda nyuma ya nyumba ya zamani ya mama yake na Cletus Whitaker, fundi wa bunduki mwenye miaka sabini ambaye hajawahi kupatana na kiwanda chochote. Denver aliuvua mrija wa hewa na kumwachia Lovella mtungi.

"Ukijilipua mimi siokoti vipande," Lovella alimwambia.

"Vya thamani kaokote. Vingine waachie mbwa."

Alilenga kisiki, kile kile. Fataki ililia pap, basi. Akavika ya pili, pap. Ya tatu vivyo hivyo. Cletus akasema baruti imezeeka, akafungua chuchu inayovikwa fataki na kuingiza waya. Waya ulitoka safi. Akautazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akafunga skrubu ya kung'olea kwenye ncha ya mdeki, akaizungusha hadi ikaishika risasi, akavuta.

Risasi ilitoka, ndogo na ya kijivu, ikiwa na kitambaa chake cha pamba. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Si baruti mbovu wala baruti iliyolowa. Hapakuwa na hata chembe.

"Labda imemwagika na miaka," Lovella alisema.

"Baruti haitoroki, shemeji," Cletus alijibu polepole. "Ingekuwepo ingeganda kama lami. Hii haikuwekwa."

Kila anayetumia gobori amewahi kufanya kosa hilo, na wenzake humcheka hadi azeeke: kushindilia risasi na kusahau baruti. Linampata anayeanza, mlevi, au mtu ambaye mkono unafanya kazi huku akili iko kwingine. Orvis alikuwa hajawahi. Alipakia tangu ana miaka minane na alikuwa akijisifu kwa hilo.

Cletus alijaribu kuokoa jahazi. "Huenda mlikuwa mnataniana, Denver. Mtu akichekeshwa husahau. Mwenyewe nimesahau kwa sababu ya kuchekeshwa."

"Hakuwa akichekeshwa," Denver alisema. "Alikuwa akiongeleshwa. Na mimi."

Hapo ndipo alipowaeleza kile ambacho hata Lovella hakukijua. Orvis alikuwa amesimama kwenye meza ya mama yao, mama mwenyewe akiwa bado amelala, ameshika kipimo cha baruti cha pembe ya kulungu, kitupu, akisema, "Kaka, lile paa linashuka. Leo siingii." Naye Denver, mlangoni, chakula cha mchana mkononi, alimwambia asimwaibishe mbele ya wanaume, asipoingia yeye hataingia mtu, amalize mchezo wake waondoke. Orvis aliweka kipimo mezani, akachukua risasi, akaishindilia, akalining'iniza gobori.

"Niliona mikono yake inatetemeka," Denver anasema sasa kibandani, tupa imetulia juu ya jino. "Niliiona. Nikasema moyoni ni baridi."

Cletus aliusafisha mtutu, akapima baruti mpya, akashindilia risasi yake mwenyewe, akamkabidhi. Denver alipiga. Gobori lilitoa ule mlio wake mkali mfupi, moshi mweupe ukasimama, na kifuniko cha kopo walichokipigilia kwenye kisiki, hatua thelathini, kikapata tundu karibu na katikati. Bado linapiga. Denver alikaa chini kwenye nyasi, akakohoa hadi Lovella akamrudishia mrija, na kikohozi kilipoisha aliendelea kulia kwa sauti, mbele yao, bila kujificha.

Tangu siku hiyo hajaimba tena. Ananoa. Hobart na wenzake wamegundua kwamba utani wake umepungua, ingawa minyororo inakata vilevile. Usingizi, anasema, anauvizia tu. Alipoulizwa kama ingekuwa heri asingelipata gobori, alifikiri huku akinoa meno manne mazima.

"Hapana. Mama nilimdanganya, inatosha. Mimi nisiendelee kudanganywa."

Risasi ya Orvis iko ndani ya kopo la tumbaku kwenye rafu, ina tundu la skrubu utosini. Cletus amemwonya kwamba risasi yenye tundu haiendi sawa. Denver anasema haijalishi inakoenda.

Msimu wa kindi unafunguliwa Jumamosi ya tatu ya mwezi wa nane. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda anajizoeza kupanda kuelekea kwenye mihikori. Kutoka mlango wa mama yake ni hatua mia tisa na kidogo. Wiki iliyopita alifika mia moja na kumi, kwenye kona ya ua, na Lovella akamrudisha amemshika kiunoni. Siku hiyo ikifika ataipakia risasi ya Orvis jikoni, kwenye meza ile ile, baruti kwanza, ataipima mara mbili, na hakuna mtu atakayeruhusiwa kuzungumza.

"Na usipofika juu?" Lovella anamuuliza, naye si mara ya kwanza.

"Nitapiga hapo nitakapokuwa nimefikia." Anapuliza vumbi la chuma kwenye mnyororo na kuugeuza upande wa pili. "Si zamu yangu hata hivyo. Ni zamu ya Orvis. Mimi namshikia tu."