Klachi ya Makanyagio

Mume wangu alikuwa bwana mifugo, na laiti ng'ombe wangekuwa na klachi, nyumba yetu isingepata misukosuko yoyote. Ng'ombe aliwajua ndani na nje. Gari alilijua kwa nje tu, ila hakuna aliyethubutu kumwambia.

Gari lenyewe lilikuwa la fowili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, kuukuu, alilolinunua kwenye mnada wa mradi uliofunga virago. Ndugu zake, Wasukuma waliohamia Katavi na mifugo yao, walishika vichwa waliposikia ameuza sehemu yake ya ng'ombe kununua kitu kisichozaa. Katikati ya miaka ya tisini klachi ikaisha. Injini ilinguruma, gia ikaingia, na gari likabaki pale pale. Akaomba majirani wamsaidie kulisukuma hadi uani kwetu Makanyagio, mjini Mpanda, akalipandisha juu ya magogo, akaagiza klachi mpya Tabora ije kwa treni. Habari za fundi hakutaka kuzisikia.

"Gari lako likifunguliwa na mtu mwingine, si lako tena," alisema.

Yangekuwa mambo ya kucheka tu kama nisingekuwa na mimba ya miezi minane, tena ya kwanza. Kwetu Sibwesa mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa msichana, na mama yangu alikuja na lori la mahindi kunichukua. Mimi sikutaka kwenda. Sasa nasema wazi, wakati ule niliona haya: nilitaka kujifungulia hospitali ya Mpanda, na nilitaka mume wangu awe karibu nikilia. Nikamwambia mama asihofu, hospitali ipo na gari lipo. Mama akachungulia uani, akaliona gari juu ya magogo na gia boksi chini, imelazwa juu ya gunia la pumba.

"Gari gani? Hili si lenyewe mgonjwa," alisema. "Lori linarudi Jumamosi. Likikuta hili lenu linatembea, nabaki hapa na wewe mpaka ujifungue. Likikuta limelala, tunaondoka wote."

Ilikuwa Jumatano.

Maneno hayo aliniambia mimi. Mume wangu alikuwa hatua nne kutoka pale, chini ya gari, na alisikia kila kitu. Lakini mtu na mama mkwe wake hawasemeshani moja kwa moja, kwao hivyo na kwetu hivyo. Nadhani ni jambo pekee ambalo koo zetu zilikubaliana bila kikao. Nikainama kwa shida na tumbo langu.

"Mama anasema Jumamosi."

"Mwambie mama nimesikia."

Nikainuka. "Anasema amesikia."

"Mwambie nimesikia kwamba amesikia."

Alhamisi, kabla ya kurudisha gia boksi, ilimbidi aiweke sahani ya klachi katikati kabisa, na kwa kazi hiyo alihitaji kijiti cha mviringo. Akapita jikoni, akatoka na mwiko wangu, ule ambao mama alinipa siku ya harusi. Mpini wake ulienea kwenye tundu kana kwamba ulichongwa kwa ajili hiyo. Mama akautazama ukiondoka.

"Mwambie mkwe wangu ugali tutausongea spana."

Jioni, yeye na jirani waliinyanyua gia boksi, wakafunga nati zote. Akapanda, akawasha, akakanyaga klachi hadi chini. Gia haikuingia. Akajaribu tena, ikasaga meno tu. Akashuka na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba sahani ile ina mbele na nyuma, na huenda ameigeuza. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikakumbuka Jumamosi, kicheko kikageuka kilio, na sikujua nikizuieje.

"Mwambie hata suruali ina mbele na nyuma," alisema mama, lakini safari hii sikuufikisha ujumbe.

Ijumaa asubuhi wakaishusha tena gia boksi, na kweli, sahani ilikuwa imegeuka. Mpaka saa tisa kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake, mwiko nao umerudi na grisi yake. Ikabaki kutoa upepo kwenye paipu ya klachi. Mmoja hukanyaga pedali, mwingine chini hulegeza nati kidogo, upepo unatoka pamoja na mafuta, nati inakazwa, pedali inaachiwa. Lazima waende pamoja. Jirani alikuwa amekwenda msibani, kwa hiyo nikapanda mimi.

"Kanyaga!"

Nilikanyaga, tumbo likabana kwenye usukani, honi ikalia. "Achia! Kanyaga!" Honi tena. Mtaa mzima ukatoka nje kujua tunamwita nani. Mama akaweka chini ungo wa kunde.

"Shuka, mwanangu."

Nikaifunika miguu ya mume wangu kwa kanga, maana alikuwa na kaptula na ilikuwa imechoka. Mama akapanda. Mimi nikasimama kando ya boneti iliyofunguliwa na chupa ya mafuta, nikiongeza yanapopungua na kupokea maneno huku na kuyapeleka kule.

"Mwambie mama akanyage."

"Mama, mkweo anaomba ukanyage."

"Nimekanyaga."

"Amekanyaga!"

Ujumbe ulipofika chini mama alikuwa ameshachoka na kuachia, na upepo uliotoka ukarudi ndani. Tulifanya hivyo mara nne, mara tano. Jua likaanza kushuka, pedali bado laini kama uji. Ndipo uvumilivu ukamwisha aliyekuwa chini.

"Mayu, kanyaga! Usiachie! Usiachie!"

Miguu ndani ya kanga ikaganda. Mayu ndivyo Msukuma anavyomwita mama aliyemzaa, na hata huyo huwa hamfokei. Nilitamani nijifiche nyuma ya boneti. Kisha sauti ya mama ikatoka ndani ya gari, taratibu.

"Sijaachia, baba."

Waliendelea wawili wao. Kanyaga, nimekanyaga, achia, haya. Mimi mkalimani nikabaki na chupa yangu tu, hadi pedali ikawa ngumu.

Jumamosi lori lilipopiga honi barabarani, gari letu lilitoka uani lenyewe, mume wangu akiwa ameketi wima kama bwana harusi. Mama akalitazama likienda na kurudi, akamwambia dereva wa lori aende zake.

"Mwambie mkwe wangu gia ya pili inalalamika," akaniambia. Nikajua tumerudi kwenye desturi, na ya Ijumaa yamekwisha.

Wiki tatu baadaye, saa nane mchana, uchungu ukanishika. Wakanilaza kiti cha nyuma. Mama akazunguka, akapanda mbele, bega kwa bega na mume wangu, mahali ambapo mama mkwe hakai. Mume wangu akaendesha kana kwamba amebeba trei la mayai, kila gia akiisikiliza kwanza. Nikapiga kelele. Mama hakunigeukia, wala hakuniambia nimwambie mtu. Alipiga dashibodi kwa kiganja.

"Kanyaga, baba! Kanyaga!"

Akakanyaga.