Baba Wawili wa Shujaa Mmoja

Harufu ya nyanya zilizooza kando ya barabara kuu pale Ilula hunirudisha kwenye banda la video. Lilikuwa la mabati matupu, joto lake halisemeki, na kila Jumapili baada ya ibada watoto tulijazana humo kumsubiri Dijei. Ndivyo tulivyomwita kijana aliyeshika kipaza sauti na kututafsiria filamu za Kizungu, huku akichomekea Kihehe pale alipotaka tucheke.

Filamu ya Jumapili moja nilikuwa nimeisubiri kwa hamu yangu peke yangu. Baba, kabla hajaenda kuchimba dhahabu Makongolosi, alikuwa akinisomea kitabu cha katuni cha shujaa huyohuyo, mwenye kinyago cha kijani, anayepasua miamba kwa viganja. Kitabuni, shujaa alitelekezwa stendi na baba yake akiwa mdogo, na hasira ile ndiyo iliyompa nguvu. Miezi michache baada ya baba kuondoka, mama alipokea simu, akatoka nje analia, akatangaza kwamba shimo limemfukia mumewe. Tulikaa msiba bila mwili. Mchungaji alisali, majirani wakapika, wakatawanyika. Kwao baba ni Mbeya, hakuwa na ndugu pale, basi hakuna aliyeuliza zaidi.

Sasa kwenye filamu, baba wa shujaa hakimbii. Anafunikwa na mwamba akimsukuma mwanawe apone. Banda zima lilikuwa linafuta machozi, mimi nimefura kwa hasira. Hivi, mtu anabadilishiwa baba hivihivi tu? Nilimfuata Dijei nje nikamwambia ametudanganya. Akacheka, akaniambia waliobadilisha ni wenye filamu, si yeye.

"Mdogo wangu, nani atakuja kumtazama baba aliyekimbia?" akasema. "Aliyekufa angalau unamlilia."

Nilikwenda moja kwa moja barabarani, kwenye meza ambapo mama aliuza nyanya. Nilimsimulia filamu yote, naye akasikiliza huku anapanga nyanya kwenye makopo ya sado. Nilipomaliza nikamuuliza kama na sisi tumebadilishiwa hadithi ya baba. Akaendelea kupanga. Nikauliza tena. Akanivuta karibu, wateja wasisikie.

"Baba yako yupo. Ana nyumba nyingine, ana watoto. Ningesema nini, mwanangu? Kwamba tumeachwa?"

Niliumia kuliko siku ya msiba, maana safari hii hapakuwa na mtu wa kunipa pole.

Siku hizi naishi Mbeya mjini. Binti yangu anatazama filamu kwenye simu, na shujaa yule ameshatengenezwa upya mara kadhaa, kila mara na baba wa aina nyingine. Yeye haimsumbui hata kidogo. Anachagua anayempenda, anaendelea kula. Mimi bado inanikera. Krismasi iliyopita mama alikuja kututembelea, na mtoto akamuuliza babu alikufaje. Mama akasimulia habari za shimo. Akaongeza mvua iliyonyesha siku hiyo, akaongeza na vijana wawili ambao babu aliwasukuma nje kabla udongo haujamfunika. Alilia, tena machozi ya kweli, na mjukuu akamkumbatia. Nilitaka kumkatiza nikashindwa. Asubuhi hiyohiyo baba alikuwa amenipigia simu kutoka Makongolosi, anaomba aje amwone mjukuu wake.