Bao la Kujumlisha

Saa kumi na nusu alasiri mwalimu wetu wa kisomo aliwaita dada yangu na mumewe wakae kwenye bao, wakitazamana. Tulikuwa kwenye baraza ya ghala la korosho, Kiwangwa, watu wazima watupu, mwaka wetu wa pili wa kujifunza kusoma na kuhesabu. Mwalimu, kijana aliyemaliza darasa la saba, alikuwa ameona tunasinzia kila ikifika hesabu, akabuni mchezo. Anataja hesabu, anayewahi kutoa jibu sahihi anakula kete ya mwenzake. Mwanamume akiishiwa kete anahamia mkeka wa wanawake. Tangu hapo hakusinzia mtu.

Dada aliomba abadilishiwe mshindani. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba yule ni mume wake.

"Hapa hakuna mume," mwalimu akajibu. "Kuna wanafunzi."

Shemeji alicheka, akamwambia mkewe asiogope, atamwachia kete mbili za kununulia mboga.

Mwanzoni dada alinyamaza makusudi. Nilimwona: jibu analo, midomo kaibana. Lakini shemeji alikosa, akakosa tena, na mwalimu akamtaka dada ajibu yeye. Dada kila siku alikuwa akiuza mihogo kwa mafungu, akirudisha chenji. Akajibu. Akajibu tena. Kete za shemeji zikaisha.

Bibi mmoja akasogea kumpisha mkekani. "Karibu, mke mwenzangu. Usinikalie khanga tu."

Shemeji hakukaa. Alisubiri kicheko kiishe, akamgeukia mkewe.

"Wewe si bingwa wa hesabu? Basi hesabu hizi. Nimekuacha mara moja, mara mbili, mara tatu."

Darasa zima lilikuwa shahidi. Shehe alipoelezwa, alisema hapo hakuna kurejeana.

Wiki iliyofuata mchezo uliendelea. Mwalimu alibadilisha jambo moja tu, kutowapambanisha mtu na mkewe, na ni kweli kwamba tulijua kuzidisha kabla ya wenzetu wa Fukayosi. Dada hakurudi darasani. Alikaa eda nyumbani kwetu, na baba akaenda kwa shemeji kudai salio la mahari. Shemeji alimjibu kwamba binti yake anajua hesabu, akajilipe mwenyewe. Baba alimfuata misimu miwili ya korosho, kisha akachoka. Salio hilo, ambalo halijalipwa hadi leo, ni shilingi mia moja na themanini za wakati ule.